Jina Ambalo Halijapewa Mtu

Waya wa breki ya baiskeli ukifumuliwa uzi mmoja mmoja hulia kama kifaranga kilichonyeshewa. Chwii, kimya, chwii. Ndiyo sauti iliyonisimamisha barabarani pale Chapwa, ndoo ya maharage kichwani, siku ya tatu tangu niteremke Tunduma kutoka milima ya Ileje. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kazi sina, nimekuja kumsaidia mama mdogo kuuza maharage. Mbele ya kibanda cha kutengenezea baiskeli ameketi mzee mwembamba, waya kaubana kwa vidole vya mguu, anauvuta uzi mmoja kwa koleo. Nikajua anaharibu breki ya mtu.

"Binti, unauza maharage au unauza macho?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Shikamoo. Nauza maharage. Lakini mzee, hiyo breki haitashika tena."

"Marahaba. Haitashika baiskeli. Itashika watu."

Akauchukua ule uzi, akaufunga kwenye kitu nilichodhani ni debe bovu la mafuta lenye mpini, akaupiga kwa kucha. Maharage yangu siku ile yaliuzwa na mama mdogo mwenyewe, tena kwa hasira.

Huyo ndiye Fundi Yoramu, aliyenilea katika kazi hii. Wadogo zangu mnaopiga sasa, mmenisumbua sana: dada Tumpe, unastaafuje na hata arobaini hujafika? Jibu langu ni kwamba mwanamuziki wa kienyeji hujiajiri mwenyewe, hujifukuza mwenyewe, na hujistaafisha mwenyewe. Barua ya kustaafu hana wa kumwandikia. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vimeanza kukataa waya asubuhi za baridi, nami nimevisikiliza kama wazee wangu. Tena bado nina ndoto zangu nyingine, nitazisema zikishaanza kutembea. Leo naandika haya ya kazi, hasa moja ambalo mmelisikia nusunusu vilabuni, kila mtu na nusu yake.

Nianze na chombo. Debe la mafuta ya kula la lita tano, lile la bati. Siku hizi yamekuwa ya plastiki, poleni. Unakata upande mmoja, unawamba ngozi ya mbuzi mchanga iliyolala majini na kukwanguliwa manyoya kwa kipande cha chupa. Shingo ni mti wowote mgumu. Fundi Yoramu alipenda mpini wa jembe lililozeeka, alisema huo umeshachoka kupinda. Nyuzi nne. Wa juu kabisa ni uzi mmoja wa waya wa breki, wa chini ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Hilo ndilo banjo letu, na aliyeona banjo jingine kwenye televisheni anyamaze tu. Ukungu ukilegeza ngozi, iote jua au moto wa mkaa; usikimbilie kukaza waya, utakatika ukupige usoni. Nina kovu juu ya nyusi ya kulia. Naliita cheti changu.

Miezi sita ya kwanza sikuruhusiwa kugusa banjo wala kufungua kinywa. Kazi yangu ilikuwa kubeba babatoni, lile pipa lenye mti mmoja na kamba moja ambalo Fundi Yoramu alilikalia na kulipiga litoe mngurumo wa chini. Nililibeba kichwani kutoka Chapwa mpaka kwenye foleni ya malori, watu wakiuliza kama tunahamia Zambia. Mama mdogo aliniambia, "Baba yako ni mzee wa kanisa, wewe unabeba pipa la kilabu. Nitamwambia nini?" Nikamjibu, "Mwambie nabeba pipa, mengine asiulize." Jioni alinifinya sikio, lakini alikuwa anacheka.

Siku niliyoimba mara ya kwanza ilikuwa pale pale kwenye malori. Madereva walikuwa wamekaa siku nyingi wakisubiri karatasi zao forodhani, wamechoka kucheza karata, wamechoka hata kugombana. Mwimbaji wetu hakufika, alioa. Fundi Yoramu akanigeukia, "Haya, imba."

"Niimbe nini?"

"Unajua nini?"

Nilijua wimbo mmoja wa kwetu wa kupalilia, wa Kindali mtupu. Nikauimba nimefumba macho. Nilipofumbua, dereva mmoja Mzambia mnene alikuwa ameshavua ndala na kuzivaa mikononi, anazigonganisha na kuzunguka kama pia, ananishukuru kwa Kibemba. "Mayo, natotela! Tena, mayo, tena!" Nikamwambia Fundi Yoramu kwamba yule mtu hajui neno hata moja la Kindali. Akasema, "Miguu yake inajua. Endelea."

Basi nikaendelea, mpaka juzi.

Tulipiga kila mahali panapopigika. Kwenye kilabu cha kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija na maji ya moto, ambako msikilizaji hapigi makofi kwa sababu mkono mmoja umeshika mrija na mwingine umeshika jirani. Kwenye harusi za Mbozi wakati wa kahawa. Kwenye maduka mapya, maana miaka ile kila wiki Tunduma ilikuwa inafungua duka na kila duka lilitaka kelele. Ndugu zetu Waislamu waliotoka Kondoa na Tanga na kwingine walituita kwenye ufunguzi, wakatuomba tu tusipige saa ya swala, na chakula chao kilikuwa kizuri kuliko cha harusi yoyote.

Lakini kazi iliyotupa heshima ilikuwa kuimba majina. Mtu anaimbwa yeye, baba yake, babu yake, walikotoka, walichofanya. Fundi Yoramu alikuwa na koo nzima nzima kichwani, kuliko afisa yeyote mwenye daftari. Na jina likiimbwa ni kitu kizito. Saza, kwa wachimba dhahabu, kijana mmoja alinibembeleza nimwimbe kwamba ameshaliona jiwe. Hakuwa ameona hata kokoto. Nikamwimba kwa kumhurumia. Kabla ya adhuhuri ya kesho yake wajomba kumi na wawili walikuwa wameshafika, watatu kati yao hakuwa anawajua. Alikimbilia kwenye shimo akakaa huko. Fundi Yoramu alinitazama njia nzima ya kurudi, na mimi nikadhani somo limeishia hapo.

Sasa nifike kwa ukoo wa Mzee Katongo.

Walikaa kijiji kimoja nje kidogo ya Mlowo, watu wa mashine ya kusaga na maksai. Mara ya kwanza tulipokwenda kuwapigia, mvua ilitukuta njiani ikatumaliza. Mke wa Mzee Katongo, Mama Obadia, alinivuta jikoni kwake, akanivua kitenge kilicholowa, akanifunga cha kwake kikiwa bado na joto la mwili wake, akanikalisha karibu na mafiga. "Kaa hapa mwanangu wa banjo. Moto huu haujazimika tangu niolewe, hautazimika kwa ajili yako." Mimi mama yangu mzazi alikuwa amefariki nikiwa darasa la nne. Tangu siku ile kila nikipita Mlowo nilishuka kwenye gari, hata kama sina la kufanya, nikamsalimie. Alikuwa ananibakizia kiporo cha makande hata wiki ambazo sikusema nitakuja.

Mzee Katongo alifariki mwanzo wa masika mmoja. Aliacha watoto wawili wa kiume. Obadia, mkubwa, mtu wa maneno machache, alibaki nyumbani na mashine na mama. Shukuru, mdogo, alikuwa Tunduma anauza vitenge, mcheshi, mtanashati, kila mtu rafiki yake. Nami nilikuwa rafiki yake, siwezi kukana.

Hapa lazima niwaeleze desturi, maana wengine mnatoka mbali. Kwa ukoo ule mtu akifa, jina lake halizikwi naye. Wanasema limetundikwa. Linakaa limetundikwa mpaka mazao yaingie ndani, ndipo ukoo unakutana na mashangazi wanaamua nani avikwe. Yule anakalishwa mkekani, ananawishwa mikono, anaitwa kwa lile jina mbele ya watu, na mwimbaji, akitumwa na mashangazi, analiimba papo hapo. Kuanzia hapo yeye ndiye marehemu aliyerudi. Ndugu zake wanamwita baba, mjane anamtania, "Mume wangu, mbona umekonda?" na akisema neno juu ya boma, ni neno la mwenye boma.

Sheria ya mwimbaji ni moja. Fundi Yoramu alinifundisha kabla ya kunifundisha kushika waya: jina lililotundikwa haliimbwi kabla halijapewa mtu. Likishaimbwa limepata mwenyewe, halivikwi mara ya pili. Na mwimbaji akilitoa kinyume, anafungwa kinywa. Anaweza kuimba mvua, mapenzi, malori. Majina haimbi tena.

Nililijua hilo kama ninavyojua jina la baba yangu. Sasa sikilizeni nilivyojidanganya.

Shukuru alikuja kibandani Chapwa wiki chache kabla ya kikao cha ukoo. Anafungua duka la pili. "Dada Tumpe, safari hii si kelele za mlangoni. Nataka kanda. Sauti yako mwenyewe, banjo lako mwenyewe, iuzwe mpaka Zambia." Wadogo zangu, mnaorekodi kwa simu mkiwa chooni hamwezi kujua neno kanda lilivyonipiga. Nilikuwa nimeimba miaka na miaka, na wimbo wangu ulikuwa unaishia pale upepo unapoishia. Nilikuwa naota, kweli nilikuwa naota usiku, nimesimama sokoni nasikia sauti yangu inatoka kwenye redio ya mtu nisiyemjua.

"Nikuimbeje?" nikamuuliza.

"Kama ulivyokuwa unamwimba baba. Maneno yale yale. Ila useme Katongo sasa yuko Tunduma."

Moyo ulishtuka kidogo. Nikauambia utulie. Nikauambia hivi: sheria ni ya uwanjani, mbele ya watu na mkeka. Kanda si uwanja. Pale kwa Salumu, fundi wa kanda, kuna mimi, Salumu na ukuta. Fundi Yoramu alikuwa amelala na homa wiki ile, na sikumuuliza. Nikiwa mkweli, sikumuuliza kwa sababu nilijua angejibu nini.

Salumu alikuwa na duka la kudurufu kanda, na nyuma yake chumba alichokibandika trei za mayai ukutani na blanketi mlangoni. Jogoo wa jirani alishaingia kwenye kanda nyingi kuliko msanii yeyote wa Tunduma. Tulirudia mara nne kwa ajili ya jogoo. Mara ya tano akanyamaza, nikaimba, "Katongo hajaenda, Katongo amehama, Katongo yuko Tunduma anafungua mlango." Salumu akavua vile vya masikioni, akasema, "Tumpe, hii itatembea."

Ilitembea. Baada ya siku kumi niliisikia Mlowo, kwenye duka la mbolea, redio kubwa imewekwa juu ya magunia. Nilisimama pale nimejishika mashavu kama mjinga. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimwambia mwenye duka, "Huyo ni mimi!" Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe? Huyu mwimbaji ni mtu mzima."

Nikavuka kwenda kumsalimu Mama Obadia. Nilimkuta jikoni, lakini hakuinuka. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu wa banjo, kwa nini umenihamisha?"

Sikuelewa. Ndipo akanieleza. Shukuru alikuwa ameshasema wazi kwamba akipata jina atamchukua mama akakae Tunduma, chumba cha nyuma ya duka, na boma la Mlowo atalikodisha kwa watu wanaotaka kuweka ghala. "Hana ubaya," akasema mama yake. "Anadhani nitapenda umeme. Lakini mimi Tunduma nitaanika ulezi wapi? Juu ya lori? Na baba yao amelala hapo nyuma ya migomba, nimwache na magunia ya watu?" Mashangazi walikuwa wameshaelewana kumvika Obadia. Sasa jina limeshaimbwa, linasikika mpaka kwenye duka la mbolea, nao hawajui wafanye nini. Kikao ni Jumamosi.

Aliyasema yote hayo huku akinipakulia makande.

Nilirudi Chapwa nikamwambia Fundi Yoramu kila kitu. Alikuwa amepona, anakaza spoku. Hakunigombeza. Angenigombeza ningefarijika.

"Kanda si uwanja," akarudia maneno yangu polepole. "Na ile redio juu ya magunia, watu walikuwa wameipa mgongo?"

"Hapana."

"Haya."

"Mzee wangu, nifanyeje?"

"Kwenye kikao watakuuliza nani alikutuma. Ukisema shangazi alininong'oneza, utapona, jina litabaki kwa Shukuru, na utarekodi kanda nyingine. Ukisema nilijituma mwenyewe, wimbo unakufa, jina linarudi kutundikwa, nawe kinywa kinafungwa. Mdomo ni wako Tumpe. Mimi nitabeba babatoni."

Hakuwa amelibeba lile pipa tangu nilipoanza kazi.

Jumamosi tulifika watu wameshajaa. Shukuru alikuwa amekuja na redio kaseti mpya, ameiweka kwenye kigoda katikati ya uwanja, yenyewe kama mzee wa kikao. Akabonyeza. Sauti yangu ikatoka, nzuri, samahani nikisema hivyo, ilikuwa nzuri. Wazee wakasikiliza mpaka mwisho, wapo waliokuwa wanatikisa mguu bila kutaka.

"Sikusema mimi," Shukuru akasema. "Kasema mwimbaji. Tangu lini mwimbaji akaimba jina bila kutumwa?"

Shangazi Nelesi, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho pale. Mwanamke mfupi, kilemba cheusi, sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili. Akanigeukia. "Binti wa Ileje. Simama. Nani alikutuma?"

Nilisimama. Shukuru akanikonyeza, kwa urafiki tu, kama mtu anayekwambia usijali. Mama Obadia alikuwa ameketi nyuma ya wanawake wengine, anatazama chini, anachora mchanga kwa kijiti. Hakuniomba kwa macho wala hakunilaumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu mtu anayelia.

"Hakunituma mtu," nikasema.

"Sikusikia."

"Hakunituma mtu, shangazi! Nilitaka kanda. Nilitaka kusikika. Jina lilikuwa limetundikwa, nikalichukua mwenyewe kama mtoto anayechukua sukari. Wimbo ule ni wa uongo. Katongo hayuko Tunduma. Sijui yuko wapi, mnaojua ni nyinyi."

Mzee mmoja akauliza, "Unajua unachojifanyia?"

"Najua. Fundi Yoramu alinifundisha."

"Na alikufundisha vibaya!" mwingine akadakia, watu wakaguna. Fundi Yoramu, juu ya pipa lake, akasema kwa upole, "Nilimfundisha vizuri. Ndiyo maana amesimama."

Shangazi Nelesi akatoa ile kanda kwenye redio kwa mkono wake, akamrudishia Shukuru kama mtu anayerudisha kisu kwa mpini. Kisha akaniambia nifunge kinywa kwa kiganja, mbele ya wote, nikafanya. Ndivyo inavyofanywa, haina maumivu, ila mkono unakuwa mzito. Saa ileile akamwita Obadia mkekani, akamnawisha, akamwita baba. Fundi Yoramu akaliimba jina, mimi nikapiga banjo chini yake, midomo imefungwa, machozi yanadondokea kwenye ngozi mpaka ikalegea na kuharibu sauti. Msilie juu ya banjo. Hilo pia ni somo.

Tulipokuwa tunaondoka Shukuru alinifuata barabarani. "Dada Tumpe, umeniua."

"Sijakuua. Nimekurudisha mahali pako."

"Kwenye vitenge?"

"Kwenye vitenge unapendeza."

Akacheka, hakutaka lakini akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliofuata alimpelekea mama yake betri ya jua, akapata umeme wake hapohapo kwenye ulezi wake. Mama aliishi kwenye lile boma miaka mingi mingine, na kila nilipopita makande yalikuwepo.

Mnaniuliza kama nilijuta. Nilijuta kila msimu wa mavuno, watu wakimwita Fundi Yoramu na kuniambia, "Wewe piga tu." Lakini niwaambie pia: mwaka ule ndipo nilipoanza kutunga. Kabla yake nilikuwa mtu wa kupanga majina ya watu kwenye mstari. Nilipofungiwa majina ikabidi nitazame vitu. Nikatunga wimbo wa mashine ya kumenyea kahawa inavyokohoa. Nikatunga wa mwanamke anayesubiri lori lililokwenda Lubumbashi, ule mnaouimba mkidhani ni wa zamani. Nikatunga wa ukungu wa Ileje, baba yangu mzee wa kanisa akausikia, akasema, "Huu hauna pombe ndani yake," na hiyo ndiyo sifa kubwa niliyopata duniani. Kanda zikafa, zikaja CD, zikafa, zikaja kadi za simu, vijana wakawa wanajaza nyimbo zangu kwenye vibanda bila hata kujua mimi napita mbele yao. Nilisimama kwenye vibanda vile mara nyingi. Sikumwambia tena mtu kwamba huyo ni mimi.

Fundi Yoramu aliaga dunia akiwa ameketi kwenye benchi lake, na kibanda nikabaki nacho. Majina nilikuwa nawaachia wengine. Kinywa kilikaa kimefungwa hivyo miaka kumi na zaidi, na nilishazoea kama mtu anavyozoea jino lisilokuwepo.

Msimu uliopita alikuja Obadia Chapwa, ambaye sasa namwita Mzee Katongo kama kila mtu. Amevaa koti la suti juu ya sweta. Mama yao alikuwa amefariki wakati wa mvua; nilimzika nao, nikapiga banjo mpaka vidole hivi viwili vikagoma. Sasa mazao yalikuwa yameingia.

"Mashangazi wamenituma," akasema. "Jina la mama linavikwa Jumamosi. Wanataka wewe uliimbe."

"Baba, mimi nimefungwa. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo mkekani. Shangazi Nelesi anasema kinywa kilifungwa mbele ya watu, kitafunguliwa mbele ya watu. Na mama aliacha neno. Alisema, ataniimba yule aliyejifunga ili moto wangu usizimike."

Nilimpa kiti, nikaenda nyuma ya kibanda kujifanya natafuta koleo.

Niliporudi nikamuuliza, "Anavikwa nani?"

"Mimi sijui. Mashangazi wanajua. Utasikia wewe na sisi siku moja."

Ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho, na nilitaka iwe ya mwisho. Nilifika Mlowo Ijumaa, wakanilaza jikoni kwa mama, karibu na mafiga. Asubuhi, watu wakiwa bado wanachota maji, nilichukua banjo nikaingia shambani kwenye kahawa, mbali kiasi cha kutosikika na nyumba yoyote. Miaka yote ile sikuwa nimeimba jina la mtu, na niliogopa nitakosea mapigo. Nikakaa juu ya jiwe, nikaupitia wimbo wote toka mwanzo: baba yake mama, walikotoka, kitenge alichonifunga siku ya mvua, ulezi alioanika. Nilipofika penye jina, lililokuwa bado limetundikwa, nikanyamaza, nikagonga ardhi kwa mguu mara tatu, kiasi cha nafasi yake, kisha nikaendelea na mstari unaofuata.